Jembe na Ngoma: Asili ya Bugobogobo na Mashindano ya Bagika na Bagalu

Somo la historia lililosomwa redioni kwa madarasa ya watu wazima

Huu ni wakati wa somo letu la historia. Leo nawakumbuka hasa ninyi wa darasa la Igogo, hapa Mwanza, mliotoka kazini sasa hivi. Wengine mikono bado inanuka samaki, wengine mmepakata watoto. Kaeni vizuri. Wekeni kalamu chini kwanza, maana leo tutasikiliza kabla ya kuandika.

Juma lililopita tulizungumza juu ya reli iliyofika Mwanza mwaka 1928. Baada ya somo, mama mmoja aliniuliza hivi: "Mwalimu, kabla ya reli mizigo ilibebwa na watu. Je, watu hao waliimba nini njiani?" Nilimjibu kwamba swali lake ni kubwa kuliko jibu nililokuwa nalo siku ile. Leo nitajaribu kumjibu.

Nitaanza na ngoma ambayo karibu kila mmoja wenu ameiona. Ni ngoma ya majembe, bugobogobo ya Wasukuma. Huchezwa siku za sikukuu za taifa, huchezwa arusini, na watoto huicheza shuleni. Wachezaji husimama safu moja, majembe mikononi. Ngoma kubwa zikilia, majembe huinuka pamoja na kushuka pamoja. Halafu jembe hurushwa juu, huzunguka hewani, na mwenyewe hulidaka bila kukosea pigo. Watu hushangilia. Lakini ngoma hii imetoka wapi? Nani aliianzisha? Na kwa nini mchezaji ashike jembe, asishike mkuki au fimbo?

Kabla ya jembe

Mtu huzaliwa siku moja, naye ana mama mmoja. Ngoma si hivyo. Ngoma ni kama mto. Ukifuata mto kwenda juu unakuta vijito vingi, na kila kijito kinataka kuitwa chemchemi. Basi tufuate vijito vya bugobogobo, kimoja kimoja.

Kijito cha kwanza ni uwindaji. Hapo kale katika Usukuma palikuwa na vyama vya wawindaji, na kila chama kilikuwa na siri zake, dawa zake na nyimbo zake. Wako waliowinda tembo. Wako pia waliomwinda nungunungu, yule mnyama wa miiba anayekula mazao usiku na kujificha mashimoni mchana. Kwa Kisukuma wawindaji hao huitwa Banungule, na chama chao huitwa bununguli. Kumtoa nungunungu shimoni ni kazi ya hatari na ya watu wengi. Watu wa kazi ya namna hiyo hawakosi nyimbo: za kujitia moyo wakiwa kazini, na za kujisifu wakirudi nyumbani.

Sikilizeni mianzo ya maneno hayo. Kisukuma husema "ba" mahali ambapo Kiswahili husema "wa", yaani watu. Banungule ni watu, bununguli ni chama chao na mchezo wao. Vivyo hivyo Bayeye ni watu wa nyoka, wanaojua dawa za mtu aliyeumwa na nyoka, nao hucheza na chatu shingoni. Chama chao huitwa buyeye. Tutayahitaji maneno haya mbele.

Kijito cha pili ndicho alichokiuliza yule mama, nacho ni safari. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma walijulikana kote kwa upagazi. Walibeba pembe za ndovu kutoka bara mpaka Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na shaba. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kilo 30 hivi, na safari ilichukua miezi. Mwaka 1858, Mwingereza John Hanning Speke alipofika ufuko wa ziwa hapa Mwanza, aliletwa na msafara wa wapagazi. Yeye alilipa ziwa jina la malkia wake. Wapagazi hawakuandikwa sana vitabuni, lakini ndio walioijua njia.

Basi mpagazi huimba nini? Huimba wimbo unaoendana na mguu. Mmoja hutangulia kuimba, wengine huitikia, na mwitikio huanguka pamoja na hatua. Wimbo humsifu mwenye nguvu, humcheka anayechelewa, na humkumbusha kijana mama yake aliyemwacha nyumbani. Wapagazi waliporudi, walikuwa wamejifunza kwenda pamoja kwa pigo moja, watu wengi kama mwili mmoja. Watu wale wale, mvua zilipoanza, waliingia mashambani. Mguu wa safari ukawa mkono wa jembe.

Ngika na Gumha

Sasa tufike kwenye kijito cha tatu, chenye makelele kuliko vyote. Ni ushindani.

Katikati ya karne ya 19 walikuwako Usukuma watu wawili, mmoja aliitwa Ngika, mwingine Gumha. Wote wawili walikuwa mabingwa wa kucheza, na wote wawili walikuwa waganga. Walishindana nani ana dawa kali zaidi, yaani dawa ya kuwavuta watu. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wafuasi wa Gumha wakaitwa Bagalu. Mpaka leo vyama vya ngoma vya Wasukuma vimegawanyika katika pande hizo mbili.

Mashindano yenyewe, ambayo kwa Kisukuma huitwa mbina, hufanywa hasa baada ya mavuno, tangu Juni, wakati kazi ya shamba imepungua na chakula kipo. Nayo si kama mpira wa miguu. Hakuna mwamuzi mwenye filimbi. Kundi la Bagika hucheza upande huu wa uwanja, kundi la Bagalu upande ule, wakati mmoja. Watazamaji wako huru. Wakichoshwa huku wanakimbilia kule. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Kwa hiyo kila kundi hutafuta jambo jipya la kuwavuta watu: chatu, sanamu za mbao zinazochezeshwa, wimbo wa masengenyo uliotungwa jana usiku, jembe linalorushwa juu kuliko la wenzao.

Je, nani alishinda mwanzoni, Ngika au Gumha? Niliwauliza wazee wawili wanaoishi jirani katika mawe ya Igogo, mmoja Mgika, mwingine Mgalu. Niliwaamkia, nikakaa mkekani, nikauliza.

Yule Mgika alijibu upesi. "Mwanangu, Ngika alishinda. Watu wote walimfuata, uwanja wa Gumha ukabaki na mbwa tu."

Mwenzake alicheka mpaka akakohoa. "Ni kweli mbwa walikuwapo," akasema. "Lakini walikuwa mbwa wa Ngika, wamehamia kwetu."

Nami nilicheka. Lakini njiani nikirudi niliona kwamba wazee hawa wamenifundisha historia. Ukimwuliza Mgika, Ngika ameshinda. Ukimwuliza Mgalu, Gumha ameshinda. Wote hawawezi kuwa sawa. Lakini tazameni mahali wanapokubaliana: kwamba watu walikuwa wawili, kwamba walishindana, kwamba ushindi ulipimwa kwa wingi wa watu. Wapinzani wakikubaliana juu ya jambo, jambo hilo lina uzito, maana hakuna anayemfanyia mpinzani wake hisani. Wekeni kanuni hii akilini, itawafaa hata barazani na mahakamani.

Shamba la pamba

Sasa vijito vyote vitatu, yaani uwindaji, safari na ushindani, vinakutana shambani.

Kulima pamoja ni desturi ya zamani katika Usukuma. Vijana wa kijiji walikuwa na umoja wao, na mkuu wao aliitwa nsumba ntale, maana yake kijana mkubwa. Mwenye shamba akitaka msaada alikwenda kwake. Vijana walikuja alfajiri, wakajipanga safu, na ngoma zikapigwa mbele yao. Pigo likiwa la polepole, jembe huenda polepole. Pigo likiharakishwa, safu nzima huharakisha. Mtu aliyechoka hakuthubutu kusimama, maana jina lake lingeingia katika wimbo mara moja. Jioni walikula nyama ya ng'ombe aliyechinjwa na mwenye shamba, au walipewa malipo yaliyowekwa katika mfuko wa kundi.

Halafu ilikuja pamba. Wajerumani waliianzisha, Waingereza waliisukuma mbele, na baada ya Vita Kuu ya Pili, iliyokwisha mwaka 1945, ilienea Usukuma kwa nguvu. Mashamba yalipanuka. Mtu wa pamba hawezi kungoja, mvua haimngoji. Makundi ya kulima yakawa na kazi nyingi, yakasafiri kutoka shamba hadi shamba, na sifa za bugobogobo zikaenea pamoja nayo. Mwaka 1955 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa waliunganisha vyama vyao vya ushirika kuwa shirikisho moja la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, wakauza pamba yao wenyewe. Shirikisho hilo lilikua mpaka likawa mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika.

Na nyimbo je? Nyimbo zilifuata mambo ya siku. Tangu mwaka 1954 mpaka 1958 serikali ya kikoloni ilikataza matawi ya TANU katika Usukuma. Mkutano uliweza kukatazwa. Lakini wimbo wa shambani hauombi kibali. Nani atamfunga mtu kwa kulima huku anaimba? Wakulima waliimba juu ya bei ya pamba, juu ya kodi, juu ya machifu, na juu ya viongozi wao wapya. Kwa hiyo mkisikia wimbo wa zamani wa bugobogobo, msidhani ni wa kufurahisha tu. Huenda ndani yake mna gazeti la mwaka ule.

Namna zake

Sasa tuulize: je, bugobogobo ni moja? Hapana. Kila kundi lina namna yake. Manju, ambaye kwa Kisukuma huitwa ningi, hutunga nyimbo zake mwenyewe. Bagalu wana zao, Bagika wana zao. Wako wanaorusha jembe, wako wanaolizungusha mkononi, wako wanaoinama mpaka jembe liguse ardhi kama linalima kweli.

Iko pia jamaa yake iitwayo wigashe. Neno hili latoka katika Kisukuma cha kuketi. Waimbaji hukaa vigodani kwa safu, wakacheza kwa mikono, mabega na shingo, manju akiwa mbele yao. Ngoma ya kukaa! Ni kama watu waliomaliza kulima wanaoukumbuka mwendo wa jembe wakiwa wamepumzika. Katika wigashe maneno ya wimbo husikika vizuri zaidi, ndiyo maana nyimbo zake huwa ndefu na zenye mafumbo.

Mtu anaweza kuuliza, katika hizi zote, ipi ya asili, ipi ya kuiga? Nadhani swali hilo halina faida. Ngoma inayoshindania umati haiwezi kukaa mahali pamoja. Aliyerudia mchezo wa mwaka jana bila kuongeza kitu, watu walimkimbia. Kubadilika ndiyo desturi yenyewe.

Wala si kwetu tu. Mbali Ulaya, katika kisiwa cha Ayalandi, iko ngoma ya miguu iitwayo jigi. Mapigo yake huhesabiwa sita, tatu na tatu, na iko aina nyingine ya mapigo tisa. Wengine huicheza kwa viatu laini, wengine kwa viatu vigumu vinavyolia sakafuni. Tangu karne ya 18 walikuwako huko walimu wa kucheza waliotembea kijiji hata kijiji, na kila mmoja alikuwa na eneo lake. Walipokutana gulioni walishindana mbele ya watu, kila mmoja akitoa hatua alizozitunga. Naam, Bagika na Bagalu wa Ayalandi! Baadaye, katika karne ya 20, jigi iliwekewa kanuni, mitihani na waamuzi. Ikahifadhiwa, lakini namna nyingine za vijijini zikasahauliwa, kwa kuwa hazikuwa katika kanuni.

Kutoka shambani mpaka jukwaani

Jambo kama hilo limetupata na sisi. Wako wamisionari wa zamani waliozikataza ngoma kwa sababu ya dawa zake. Lakini huko Bujora, karibu na Kisesa, kilometa 20 hivi kutoka Igogo, padre mmoja Mkanada, David Clement, alifikiri vingine. Kuanzia miaka ya 1950 alikusanya vyombo, ngoma na habari za Wasukuma, akazitia ngoma katika sikukuu ya Ekaristi mwezi Juni. Sikukuu hiyo huitwa Bulabo, yaani maua. Huko Bagika na Bagalu hushindana mbele ya maelfu. Makumbusho ya Bujora yana nyumba maalum ya vyama vya ngoma. Mkipata nafasi, nendeni na watoto wenu.

Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipohutubia kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, alisikitika kwamba vijana wenye elimu walijua kucheza ngoma za Ulaya na hawakuzijua za kwao. Alianzisha wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Likaundwa kundi la taifa la ngoma, na bugobogobo ikawa mojawapo ya ngoma zake. Kutoka mwaka 1981 ikafundishwa katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Fikirini basi: ngoma iliyozaliwa na wajukuu wa wapagazi imerudi Bagamoyo, mahali babu zao walipotua mizigo.

Hiyo ni heshima kubwa. Lakini kuna kilichobaki nyuma. Shambani bugobogobo ilichezwa tangu alfajiri mpaka jioni, jukwaani inachezwa kwa dakika chache. Shambani wimbo ulimtaja jirani, bei na mwaka, jukwaani huchaguliwa wimbo mmoja au miwili inayojulikana. Plau ya ng'ombe na trekta zimechukua kazi ya safu. Jembe linarushwa vizuri kama zamani, lakini wachezaji wengi wa mjini hawajawahi kulima hata tuta moja.

Silaumu. Nani atamwambia mkulima aache trekta ili tupate nyimbo? Ila nyimbo zile zilihifadhiwa na kazi. Kazi ikiondoka, ni lazima kitu kingine kizihifadhi.

Deni langu

Ndugu wanafunzi, nitawaambia jambo lililonifanya nichague somo hili. Yule mzee Mgalu wa Igogo, aliyecheka mpaka akakohoa, alinifuata nje siku ile, akaniambia, "Mwalimu, mimi nina nyimbo za pamba, za tangu tulipokuwa vijana. Hawa wajukuu hawazitaki. Njoo na daftari." Nikamwahidi kurudi juma lile. Nilikuwa na ripoti za ofisi, halafu semina, halafu mvua. Nilirudi baada ya miezi mitatu, daftari mkononi. Nikakuta turubai la matanga.

Jirani yake Mgika alikuwa amekaa peke yake juu ya jiwe. Nilimpa pole. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa nitashindana na nani?"

Nilimwomba aniimbie nyimbo za mwenzake anazozikumbuka. Akaimba mbili, nusu nusu. Ndizo nilizonazo. Nyimbo za Mgalu nimepewa na Mgika. Hizo nyingine zimekwenda naye.

Kwa muda mrefu tumekuwa tukisema kwamba asiyejua kusoma na kuandika hana elimu. Mzee yule hakujua kuandika jina lake, naye alikuwa na historia ya miaka 50 kichwani. Mimi nilijua kuandika, nami sikuandika. Nani alikosa elimu siku ile?

Ninyi sasa mnajua kuandika. Mnaandika barua, mnasoma risiti na mizani. Ni vizuri. Lakini kalamu yenu ina kazi nyingine, ambayo mgeni hawezi kuifanya kama ninyi, maana ninyi mnaijua lugha ya babu na bibi zenu. Nawasemesha wote, si Wasukuma peke yao. Igogo wako pia Wakerewe, Wajita, Wahaya na Wakurya, na kila mmoja alitoka nyumbani na ngoma yake.

Sasa chukueni kalamu. Kazi ya juma hili ni hii. Mwendeeni mzee mmoja, wa kwenu au jirani, mwulize juu ya ngoma moja. Andikeni jina la ngoma, kazi au jambo lililoizaa, mahali ilipochezwa, na maneno ya wimbo mmoja. Chini yake andikeni jina la aliyewaambia na tarehe. Mkimpata mpinzani wake, mwulizeni naye, mkaandike maneno ya wote wawili bila kuamua nani mkweli.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini bugobogobo huchezwa kwa jembe?
2. Bagika na Bagalu wanahitilafiana juu ya jambo gani, na wanakubaliana juu ya jambo gani?
3. Ngoma ikitoka shambani ikaenda jukwaani, inapata nini na inapoteza nini?
4. Je, katika mtaa wenu yuko mzee ambaye hakuna mtu aliyepata kumwuliza?

Swali la nne msilijibu kwa mdomo. Lijibuni kwa miguu, kesho, kabla ya mvua.

Kwa herini mpaka juma lijalo.